Nani Aliyeyapa Maji Jina?



Hoja yangu jioni hii ni moja, nami naisema mapema ili mnipime kwayo. Miji iliyozaliwa kandokando ya chemchemi za maji moto na maji ya madini huitwa kwa majina ya aina mbili. Kuna jina alilolitoa mtu aliyetia mguu majini: yanachoma, yanachemka, yananuka, yanafuka moshi. Na kuna jina alilolitoa mwenye nguvu: jemadari, mfalme, serikali, kampuni. Hili la pili hupanda na kushuka pamoja na aliyelitoa. Lile la kwanza halina haraka. Hufunikwa, hutafsiriwa, husagwa midomoni mwa watu, lakini ukichimba kidogo unalikuta.

Tuanze na Warumi, kwa kuwa wao wametuachia ushahidi mwingi. Kila walipokuta maji ya moto au ya tiba waliandika Aquae, yaani maji, kisha wakabandika jina la mtu, la mungu au la kabila. Mnamo mwaka 122 KK jemadari Gaius Sextius Calvinus alianzisha makazi kusini mwa nchi tunayoiita leo Ufaransa, yakaitwa Aquae Sextiae, maji ya Sextius. Karne kwa karne watu walilisaga neno hilo mpaka likawa Aix, na mji ndio huo Aix-en-Provence. Upande wa kusini-magharibi palikuwa na Aquae Tarbellicae, maji ya kabila la Tarbelli. Likafupika likawa Acqs. Na kwa kuwa watu walizoea kusema d'Acqs, wa Acqs, ile d ikaganda mbele ya jina, na leo mji unaitwa Dax. Kaskazini mwa Italia, maji ya kabila la Statielli yakawa Acqui. Huko Ujerumani, Aquae Granni, maji ya Grannus, mungu wa Waselti, ndiyo Aachen, jina lililotoka kwenye neno la Kijerumani cha kale lenye maana ileile ya maji. Wafaransa huuita mji huohuo Aix-la-Chapelle.

Tazameni kilichobaki. Sextius ametoka, Grannus ametoka, Watarbelli na Wastatielli wametoka. Limebaki neno maji peke yake, limechakaa lakini lipo. Hata Charlemagne, aliyejenga kasri lake Aachen na kuzikwa hapo mwaka 814, hakuweza kuliingiza jina lake katika jina la mji. Na huyo aliyapenda maji yale kwa dhati. Mwandishi wa maisha yake, Einhard, anaeleza kwamba mfalme alikuwa mwogeleaji hodari, na aliwaita wanawe, wakuu wake, rafiki zake, wakati mwingine hata walinzi wake, waingie naye, hadi bwawani wakawa watu mia moja au zaidi. Nimezisoma habari nyingi za wafalme, na hii ni mojawapo ya chache zinazonifanya nimwone mfalme kama mtu mwenye mwili.

Kule Uingereza, kwenye chemchemi kubwa ya kusini-magharibi, wenyeji walimwabudu Sulis. Warumi walipofika walimuunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu na mabwawa, wakapaita Aquae Sulis. Waogaji waliibiwa nguo zao, kama inavyotokea popote watu wanapovua nguo na kuziacha ukingoni, na waliokasirika waliandika malalamiko yao kwenye vibati vya risasi na kuvitupa majini ili mungu huyo wa kike amshughulikie mwizi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameopoa vibati kama 130. Ndani yake mna vazi lililopotea, mna majina ya washukiwa, mna maombi kwamba mwizi asipate usingizi wala afya hadi akirudishe alichokichukua. Dola la Roma likaondoka, hekalu likabomoka, Sulis akasahauliwa. Mji unaitwa Bath, neno la Kiingereza la kawaida kabisa la mahali pa kuogea.

Uhispania na Ureno ni ramani nzuri kuliko zote kwa kazi hii, maana mle historia imeandikwa kwa majina ya maji. Upande wa kaskazini na magharibi utakutana na Caldas na Caldes, kutoka Kilatini, za moto. Ukishuka kusini na mashariki utakutana na Alhama: Alhama de Granada, Alhama de Murcia, Alhama de Aragón. Hilo ni neno la Kiarabu la chemchemi ya moto, ndugu wa lile lililotupatia sisi hamamu. Alhama de Granada ilitekwa na majeshi ya Kikristo mwaka 1482, vita vya mwisho dhidi ya ufalme wa Granada vikaanza, na miaka kumi baadaye ufalme huo haukuwapo tena. Washindi waligeuza misikiti kuwa makanisa. Jina la maji waliliacha, nadhani kwa sababu kila aliyekwenda kuoga alilihitaji.

Kwa kuwa nimelitaja hamamu, niseme neno kuhusu Zanzibar. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya mtindo wa Kiajemi ndani ya Mji Mkongwe ili watu wapate mahali pa kuoga. Maji yake hayakutoka kwenye chemchemi ya moto, kwa hiyo Mji Mkongwe hauingii katika orodha yangu. Ila mtaa ule hauitwi kwa Barghash. Unaitwa Hamamni. Anayetoka Oman ataniongezea ushahidi wake: kule, chemchemi huitwa ain, jicho, na jirani na Nakhal iko Ain al-Thawwarah, ambako familia huenda kutia miguu kwenye maji ya vuguvugu yanayotoka chini ya mlima. Nasi Waswahili husema jicho la maji.

Kabla sijaendelea, inafaa tujue maji haya yanapata wapi moto wake. Kwa sehemu kubwa ni maji ya mvua tu. Hunyesha mlimani, huzama katika nyufa za mwamba mpaka kilomita kadhaa chini, ambako dunia yenyewe ni ya moto, kisha husukumwa kurudi juu kupitia ufa mwingine. Maji ya Bath hutoka yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Njiani huyeyusha kilichomo mwambani. Kama ni chuma, maji yana ladha ya msumari na huacha kutu kwenye mawe. Kama ni salfa, yananuka mayai viza. Kama gesi ya kaboni dioksidi imechanganyika nayo, yanachachuka na kutoa povu hata yakiwa baridi. Ndiyo sababu Warusi wana mji Kislovodsk, chini ya milima ya Kaukazi, na maana yake ni maji machachu. Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, umepewa jina kutokana na neno la vuguvugu, na mabafu yake ya salfa bado yanafanya kazi katikati ya mji. Reykjavik ni ghuba ya moshi, ingawa moshi wenyewe ulikuwa mvuke. Atami, Japani, ni bahari ya moto. Mwenye baridi yabisi au jongo aliyekaa ndani ya maji kama hayo nusu saa, viungo vikalegea, hakuhitaji mfalme amwambie mahali pale paitweje.

Mtu makini atanipinga kwa Karlovy Vary, naye atakuwa na haki. Mji huu wa Kicheki, uliojulikana duniani kwa jina la Kijerumani, Karlsbad, umebeba jina la mfalme Karl wa Nne, aliyeupa haki za mji mwaka 1370, na hajang'oka mpaka leo. Chemchemi yake kuu, Vřídlo, huruka hewani hadi mita 12, na maji yake ni ya nyuzi 73 hivi, hayaogeki mpaka yapozwe. Mshairi wa Kijerumani Goethe alikwenda huko mara nyingi. Mwaka 1819 mawaziri wa nchi za Kijerumani walikutana huko wakaweka amri za kubana magazeti na vyuo vikuu, amri zinazosomwa katika historia kwa jina la Karlsbad.

Lakini linganisheni majina hayo mawili. La Kijerumani linasema bafu la Karl. La Kicheki linasema vary, na ndani yake mna kitenzi cha kuchemsha. Kwa hiyo mfalme yumo, na mchemko nao umo. Kinachonisumbua ni kingine. Baada ya vita, kuanzia 1945, Wajerumani wapatao milioni tatu walifukuzwa Chekoslovakia, wakiwamo karibu wote wa Karlsbad. Jina lilivuka mpaka wa lugha salama salimini. Watu hawakuvuka. Mtu anayeyapenda majina ya mahali, kama mimi, lazima alitazame jambo hilo usoni: jina laweza kudumu vizuri kabisa juu ya nyumba zilizobadilishwa wenyewe.

Wajerumani wamelifanya neno lao la bafu, Bad, kuwa cheo cha serikali. Mji haujiiti Bad kwa kupenda. Ni serikali ya jimbo inayotoa ruhusa, baada ya maji na huduma zake kupimwa. Baden-Baden uliongezewa Baden ya pili rasmi mwaka 1931, ili usichanganywe na miji mingine ya jina hilo.

Sasa Vichy, ambao nataka tukae nao kidogo. Ni mji wa katikati ya Ufaransa, wa maji ya ini na tumbo, uliojulikana tangu zama za Warumi. Napoleon wa Tatu aliupenda, na katika miaka ya 1860 ulipata bustani na barabara pana. Mahoteli yakajengwa, kasino ikajengwa, jumba la opera likajengwa. Watu walikwenda na magonjwa yao, wakanywa maji kwa saa maalumu, wakatembea chini ya miti. Jina Vichy lilikuwa kwenye chupa na kwenye peremende za kusaga chakula.

Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, serikali ikakimbia Paris. Ilihitaji mji wenye vyumba vingi vya kulala na simu nzuri. Vichy ulikuwa navyo vyote viwili, na sababu ya kuwa navyo ni maji. Mawaziri wakaingia vyumba vya wagonjwa. Marshal Pétain akakaa Hôtel du Parc. Tarehe 10 Julai, ndani ya jumba lile la opera, wabunge 569 wakapiga kura ya kumpa madaraka yote, 80 wakakataa. Oktoba mwaka huohuo ilitoka sheria ya kuwabagua Wayahudi, na Julai 1942 polisi wa Kifaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 mjini Paris na vitongoji vyake ili wakabidhiwe kwa Wanazi.

Huku kwetu jina hilo lilifika kwa bunduki. Madagaska ilikuwa chini ya utawala wa Vichy, na mwaka 1942 askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakiwamo wa Kenya na Tanganyika, walipelekwa kupigana huko. Mzee wa kijijini Afrika Mashariki alivuka bahari kupigana na serikali iliyoitwa kwa jina la maji ya tumbo. Hadi leo, mtu akitamka Vichy darasani, hakuna anayefikiria chemchemi. Wakazi wa mji wamelalamika kwa miongo mingi kwamba uovu wa serikali umebandikwa juu ya mji ambao haukuichagua serikali hiyo wala kuialika. Naona wana haki. Tungeweza kusema utawala wa Pétain na tukaeleweka vizuri zaidi, maana mwenye kosa angetajwa.

Spa umepata msiba wa aina nyingine. Ni mji mdogo mashariki mwa Ubelgiji, wenye maji baridi ya chuma na gesi. Tsar Petro Mkuu alikwenda kunywa huko mwaka 1717, na baada yake wakubwa wa Ulaya walimiminika mpaka mji ukaitwa mkahawa wa Ulaya. Waingereza walikuwa wameanza kulichukua jina hilo mapema zaidi: mwishoni mwa karne ya 16, daktari Timothy Bright aliziita chemchemi za Harrogate Spa ya Kiingereza. Tangu hapo likateremka kuwa neno la kawaida la chemchemi yoyote, kisha la bafu lolote, kisha la chumba cha kukandwa mafuta. Leo liko kwenye mabango ya saluni za Dar es Salaam na Nairobi, mahali ambapo maji hutoka bombani. Wapo wanaofundisha kwamba spa ni kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya afya kwa njia ya maji. Si kweli, maelezo hayo yalitungwa baadaye sana. Mji ulikuwapo, jina lilikuwapo, na wenyeji wake wanastahili kutambuliwa. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza Spa, pamoja na Bath, Vichy, Karlovy Vary na miji mingine saba, katika urithi wa dunia.

Kuna mji mmoja uliouza jina lake la maji kwa hiari. Kule New Mexico, Marekani, kandokando ya mto Rio Grande, palikuwa na mji ulioitwa Hot Springs, chemchemi za moto. Mwaka 1950 mtangazaji Ralph Edwards aliahidi kwamba kipindi chake cha redio kitarushwa kutoka mji wowote utakaokubali kujiita kwa jina la kipindi hicho. Wakazi wakapiga kura, wakakubali. Mji unaitwa Truth or Consequences mpaka sasa. Kipindi kilikwisha zamani. Mabafu bado yanapokea wageni, na maji yake bado ni ya moto.

Nimezunguka sana ugenini. Bara letu lenyewe limejaa ushahidi. Kule Ethiopia, miaka ya 1880, mfalme Menelik na mkewe Taytu walikuwa na makao yao juu ya mlima Entoto, penye baridi kali na kuni haba. Watu wa baraza walizoea kushuka bondeni kuoga kwenye chemchemi za Filwoha, jina la Kiamhari la maji yanayochemka. Mwaka 1886 Taytu alipapenda, akajengewa nyumba, wakuu wakamfuata, na yeye ndiye aliyepatia mahali hapo jina Addis Ababa, ua jipya. Ni jina zuri. Lakini Waoromo waliokuwa wakichunga na kunywesha ng'ombe katika bonde lile walikuwa na jina lao, Finfinne, nalo lasemwa kuwa ni jina la chemchemi inayobubujika. Leo Waoromo wengi, na ofisi za jimbo la Oromia, huandika Finfinne. Mabishano juu ya majina hayo mawili ni makali, na chini yake kuna ardhi, uraia na damu. Msikilizaji wa mbali asilichukulie kuwa suala la ramani tu.

Windhoek, Namibia, nao ulianzia kwenye maji ya moto. Waherero walipaita Otjomuise, mahali pa mvuke. Wanama wana jina lao linalotaja maji ya moto. Kiongozi Jonker Afrikaner alipiga kambi hapo mnamo 1840 kwa ajili ya chemchemi hizo, na mwaka 1890 Wajerumani wakajenga ngome. Asili ya jina Windhoek inabishaniwa hadi leo, ilhali majina ya wenyeji hayana fumbo lolote: mtu alisimama asubuhi ya baridi akaona mvuke.

Afrika Kusini ilikuwa na mji ulioitwa Warmbad kwa Kiafrikana na Warmbaths kwa Kiingereza, katika jimbo la Limpopo. Mwaka 2002 ukarudishiwa jina la Kitswana, Bela-Bela, na bela ni kuchemka. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kuelewa kwa nini kitenzi kimerudiwa: maji hayachemki mara moja. Nasi hatuko mbali. Kule Hai, mkoani Kilimanjaro, chemchemi ya Kikuletwa huitwa Chemka, ingawa maji yake si ya moto hata kidogo, yanabubujika tu. Maji Moto ziko kadhaa, Tanzania na Kenya, kuanzia ukingo wa ziwa Manyara hadi Narok, zikifuata ufa mkubwa unaopasua ardhi yetu. Wanyarwanda huyaita amashyuza.

Ufa huo sasa unazalisha umeme. Tangu 1981 mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, unaendesha mitambo, na kando yake pamejengwa bwawa la kuogea linaloitwa Olkaria Geothermal Spa. Olkaria ni neno la Kimaasai la udongo mwekundu, ule wa kujipaka. Neno la pili lina asili ya Kigiriki. La tatu ni la mji ule wa Ubelgiji. Napendelea bango hilo lisomeke hivyo kuliko lingepoteza neno la kwanza. Mahali pengi katika Bonde la Ufa visima vipya vya mvuke vinachimbwa na kupewa namba, na mzee anayejua jina la chemchemi ya jirani haulizwi.

Nimalizie na Kitagata, magharibi mwa Uganda. Kitagata kwa Kinyankole ni maji ya moto. Chemchemi ziko mbili, jirani kabisa. Moja ni Ekyomugabe, ya mfalme, kwa sababu Omugabe wa Ankole ndiye aliyekuwa akiitumia. Ya pili wagonjwa wa viungo wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya rufaa iliyoko Kampala, kwa imani kwamba inaponya. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda, na hizo nyingine ziliporudishwa miaka ya 1990, wa Ankole haukurudishwa. Chemchemi ya Mulago haikosi wagonjwa.